Video za Mfano za Kamera Hazijibu Swali Letu

Kamera mpya ikitangazwa siku hizi, huwa haijafika maduka ya Kariakoo wala ya Luthuli Avenue, Nairobi, lakini picha zake tayari tumeziona. Kampuni iliyoiunda hutoa filamu fupi mbili tatu zilizopigwa na wataalamu waliopewa kamera hiyo mapema, wachambuzi wa vifaa nao hufuata na video zao, na kabla wiki haijaisha mtayarishaji wa filamu wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura anakuwa na msimamo thabiti kuhusu kifaa ambacho hajawahi kukishika. Hastahili kulaumiwa kwa hilo. Kukodi kamera kwa ajili ya kuijaribu tu ni gharama, maduka mengi hayamruhusu mteja kutoka na kifaa akakipigie picha juani, na fedha ya kununulia mara nyingi ni ya mkopo au ni akiba ya msimu mzima wa kupiga video za harusi. Video ya mfano ndiyo inayobaki kuwa ushahidi wake. Hoja yangu ni kwamba ushahidi huo tunausoma vibaya. Tunaangalia pale kamera inapong'ara, ilhali kinachotuhusu ni pale inapoelemewa, na mara nyingi sehemu hiyo imekwisha kuondolewa kabla video haijatufikia.

Mwaka 2008 ulitoa kielelezo ambacho bado kina mafunzo. Mwezi Septemba mwaka huo Canon ilitangaza EOS 5D Mark II, kamera ya picha za mnato yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya fremu kamili, yaani kubwa kama fremu ya filamu ya milimita 35, ya kwanza ya aina yake kurekodi video ya 1080p. Mpigapicha Vincent Laforet aliazima kamera ya majaribio kwa wikendi moja, akatengeneza filamu fupi jijini New York, nyingi ya picha zake zikiwa za usiku na nyingine zikipigwa kutoka kwenye helikopta. Ilipowekwa mtandaoni iliwashtua watu wa fani duniani kote, na kwa haki kabisa, kwa sababu kabla ya hapo mtu hakutegemea kuona usiku wa mjini ukinaswa hivyo, uso ukiwa wazi na taa za nyuma yake zimeyeyuka kuwa miduara laini, kwa kamera ya bei ile. Yote yaliyoonekana mle yalikuwa kweli.

Yasiyoonekana ndiyo yaliyowasumbua wanunuzi. Kamera ile ilipotoka ilirekodi fremu 30 kwa sekunde tu. Fremu 24 za sinema na fremu 25 zinazotumiwa na vituo vya televisheni vya kwetu ziliongezwa kwa sasisho la programu mwezi Machi 2010. Mwanzoni mpigapicha hakuweza hata kujichagulia shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) katika video mpaka sasisho lingine lilipotoka mwaka 2009. Tena, ili kupata 1080p kutoka kwenye sensa yenye megapikseli 21, kamera iliruka baadhi ya mistari ya sensa, na matokeo yake ukuta wa matofali, paa la vigae au kitambaa chenye ufumaji mwembamba vilizaa mawimbi ya rangi ambayo hayakuwapo mbele ya lenzi, yaani moare. Picha ya usiku yenye fokasi fupi, ambayo nyuma yake imefifia, haina ukuta wa matofali ulio wazi wala paa la vigae lililo kwenye fokasi. Laforet hakumdanganya mtu. Alifanya lile ambalo msanii yeyote mwenye kamera ngeni mkononi angelifanya, akachagua mandhari ambayo kifaa kingeyamudu. Kazi ya kujua kilichoachwa nje ilikuwa ya mtazamaji, na wengi hawakuifanya.

Ugumu wa kwanza kwa mtazamaji ni kwamba video anayoiona kwenye YouTube siyo ile iliyotoka ndani ya kamera. Sony A7S III, kwa mfano, inaweza kurekodi 4K kwa kiwango kinachofika megabiti 600 kwa sekunde. Mhariri akishaikata na kuipaka rangi huitoa upya kwa kodeki (mfumo wa kubana video) nyingine, kisha mtandao huibana mara ya pili, na mtu anayetazama kwa 1080p anafikiwa na megabiti chache tu kwa sekunde. Katika kubanwa huko vitu vinavyotangulia kufa ni vile vidogo na vinavyotikisika: mchanga, majani, mawimbi madogo ya maji, nywele, na chenga, yaani madoadoa yanayozalishwa na sensa yenyewe. Kamera yenye chenga nyingi inaweza kutoka humo ikionekana safi, kwa kuwa chenga zimefutwa pamoja na vinyweleo vya ngozi. Anga ya machweo juu ya bahari huweza kuonekana imegawanyika ngazi kwa ngazi, kana kwamba rangi imepakwa kwa vipande, na mtazamaji hana njia ya kujua kama ngazi hizo zimetoka kwenye kamera inayorekodi biti 8, yaani viwango vichache vya rangi, au zimeongezwa njiani. Anayetazama kwa simu, bando likiwa limebana na ubora umeshushwa hadi 480p, anaweza kukagua uteuzi wa fremu na mdundo wa uhariri, basi. Kuhusu kamera hajaona kitu.

Kwa hiyo ninachokitafuta mimi ni faili la asili, hata kama ni la sekunde kumi tu. Mwaka 2012 Blackmagic ilipotangaza kamera yake ya kwanza ya sinema, mpigapicha wa Australia John Brawley alitoa fremu ghafi za DNG, yaani data ya sensa isiyochakatwa, ambazo mtu yeyote aliweza kuzipakua na kuzichezea kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ilikuwa ni picha za kawaida, hazikuwa na hadithi wala helikopta, na zilifundisha zaidi kuliko filamu nyingi za matangazo, maana kila aliyezipakua aliweza kuvuta mwanga wa dirishani aone kama bado una kitu ndani yake, au kuinua vivuli mpaka vikatike.

Faili likishapatikana, kwanza lifunguliwe kwa MediaInfo, programu ya bure inayoonyesha kodeki, idadi ya biti, mfumo wa kuhifadhi rangi na megabiti kwa sekunde. Mafaili mengi yanayotangazwa kuwa yametoka moja kwa moja kwenye kamera hugundulika hapo kuwa sivyo, kwa sababu jina la programu ya uhariri iliyoyatoa huwa limeandikwa ndani yake. Kisha liingizwe DaVinci Resolve, ambayo toleo lake la bure mara nyingi linatosha kwa kazi hii, na vivuli vipandishwe kwa stopu mbili. Stopu moja ni kuongeza mwanga maradufu, hivyo mbili ni mara nne. Chenga zitatokea kwenye kamera yoyote, na kutokea kwake si tatizo. Cha kuangalia ni umbo lake. Chenga ndogo zinazobadilika kila fremu jicho huzizoea na hata kuzipenda. Mabaka ya zambarau na kijani yanayotembea polepole ukutani hayazoeleki, na mistari ya wima inayobaki palepale huku kamera ikigeuka ni mbaya zaidi, kwa kuwa hiyo ni alama ya sensa yenyewe na itaandamana na kila picha ya giza utakayopiga. Baadaye video ipitishwe fremu moja moja. Katika kodeki zinazohifadhi fremu chache kamili na kubahatisha zilizo katikati, mchanga wa ufukweni huonekana ukipumua: unakuwa mkali, unafifia kidogo kidogo, unarudi kuwa mkali tena, mara mbili kila sekunde. Kwenye simu haionekani. Kwenye kitambaa kikubwa cha sinema, kama kile kinachotundikwa Ngome Kongwe, Zanzibar, wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, mtazamaji huiona bila kujua ni nini kinachomsumbua.

Hayo yote ni ya kamera yoyote popote pale. Yanayofuata yanatuhusu zaidi, na ndiyo yanayonifanya niamini kwamba video nyingi za mfano hazijibu swali letu hata zikitolewa kwa faili la asili.

Uso wa mtu mweusi ni mtihani ambao haumo katika sehemu kubwa ya majaribio tunayoyategemea. Historia yake ni ndefu. Kwa miongo mingi maabara za picha za Marekani na Ulaya zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha iliyotoka sawa. Sensa ya kidijitali haina kadi hiyo ndani yake. Hata hivyo uteuzi wa nani asimame mbele ya kamera ya majaribio umeendelea kufuata mkondo uleule, na matokeo yake ni kwamba sehemu ya ishara ambamo ngozi zetu hukaa ndiyo inayokaguliwa kidogo kuliko zote.

Nieleze maana ya sehemu hiyo. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera huamini kwamba kila kilicho mbele yake kwa wastani kinarudisha mwanga kama kijivu cha asilimia 18. Ngozi nyeupe hukaa juu ya kijivu hicho, ngozi nyeusi sana hukaa chini yake, wakati mwingine kwa zaidi ya stopu moja. Sasa chukua kamera inayorekodi kwa S-Log3 ya Sony, mfumo wa kurekodi picha iliyofifia ili ipakwe rangi baadaye. Mfumo huo huweka kijivu cha kati kwenye asilimia 41 ya ishara na hugawa kila stopu ya mwanga kwa viwango visivyozidi takriban 80 katika rekodi ya biti 10, na kadiri unavyoshuka vivulini mgao huo unapungua. Katika biti 8 kila stopu inabaki na viwango visivyozidi takriban 20. Shavu la mtu mweusi aliyekaa kivulini, lenye mpito wote kutoka mwanga wa dirisha hadi giza la upande wa sikio, linaweza kulazimika kuelezwa kwa viwango visivyofika 40. Ukishapaka rangi na kuongeza mkazo, mpito huo unavunjika: shavu linakuwa na ngazi, rangi ya shaba iliyokuwa ndani ya weusi inageuka majivu, na mhariri anaanza kulaumu taa. Uso wa mtu mweupe katika fremu ileile ungelikuwa juu zaidi, penye mgao mkubwa na chenga chache, na usingelikuwa na shida yoyote. Ndiyo maana kamera mbili zinazolingana kabisa katika video za wachambuzi zinaweza kutofautiana vibaya sana zikifika Tandale au Kisumu.

Kuna upande wa pili wa uso huohuo. Ngozi nyeusi hung'ara. Katika joto la pwani, jasho likiwa kidogo tu kwenye paji la uso na juu ya mfupa wa shavu, mng'ao huo unaweza kuwa juu ya ngozi iliyouzunguka kwa stopu nyingi. Kamera nzuri huupandisha mng'ao kwa ulaini mpaka weupe, na unaona umbo la paji la uso. Kamera dhaifu huukata ghafla, ukabaki doa jeupe lenye ukingo mkali, mara nyingi lenye utepe wa njano kuzunguka, kwa kuwa chaneli moja ya rangi imejaa kabla ya nyingine. Ninapotazama video ya mfano ambayo ndani yake yupo mtu mweusi, macho yangu huenda moja kwa moja kwenye ukingo wa doa hilo. Ukingo huo unaeleza tabia ya kamera kuliko tangazo lolote la idadi ya stopu zinazonaswa, ambazo nazo kila kampuni huzihesabu kwa namna yake. Vipimo huru vinavyofanywa kwa chati ya Xyla na programu ya Imatest hupata idadi iliyo chini ya ile ya kwenye boksi, maana haviihesabu stopu iliyozama kabisa ndani ya chenga.

Mavazi yetu nayo ni mtihani kamili, bila kuhitaji chati. Harusi ya pwani inatosha. Bwana harusi ana kanzu nyeupe na uso mweusi, yuko juani saa saba mchana. Kamera iliyoachwa ijichagulie mwanga hushuka ili kuokoa kanzu, na uso unazama. Akinamama wenye mabuibui meusi wakijaza fremu, kamera hiyohiyo hupanda, buibui linakuwa la kijivu lenye chenga na nyuso zinaungua. Kofia ya vito, yenye vitobo vidogo vilivyodariziwa kwa mpangilio wa karibu karibu, ni kifaa cha kupimia moare kisicho na mfano: bwana harusi akigeuza kichwa taratibu, kamera inayoruka mistari huonyesha mawimbi ya buluu na machungwa yakizunguka kofia, huku kamera inayosoma sensa nzima na kuipunguza vizuri ikionyesha kofia tu. Kanga nyekundu chini ya taa za LED za ukumbini ni jaribio la rangi, kwa sababu chaneli nyekundu hujaa kabla ya nyingine na maua yote ya kanga huyeyuka kuwa bonge moja la wekundu, halafu mfumo wa 4:2:0, ambao huhifadhi robo tu ya taarifa za rangi ukilinganisha na za mwanga, huchakaza ukingo wa maandishi yake. Jina la kanga likisomeka vizuri katika faili la asili, kamera hiyo ina kitu.

Mandhari pia. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mzee aliyekaa barazani yuko kwenye kivuli kizito ilhali futi chache juu ya kichwa chake ukuta wa chokaa unapigwa na jua la utosini. Hakuna taa ya kawaida ya kukodi itakayoshindana na jua hilo, na kichochoro hakina nafasi ya kuweka kitambaa cha kulizuia. Kamera inayoonekana ya ajabu katika msitu wa Ujerumani wenye mawingu, ambako tofauti ya mwanga kati ya ardhi na anga ni ndogo na laini, haijaulizwa swali hilo hata kidogo. Simaanishi kwamba msitu huo ni hila; ni mahali tu ambako aliyepewa kamera anaishi.

Umeme wenyewe unaleta tofauti ambayo wengi huigundua wakiwa wameshafika kazini. Marekani umeme hutembea kwa hezi 60, Afrika Mashariki kwa hezi 50. Taa za mirija na LED nyingi za bei nafuu hufifia na kuwaka mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde huku kwetu. Mpigapicha wa Los Angeles anapofundisha shata ya sehemu 1 ya 60, video yake inatulia. Ukiinakili shata hiyo ukumbini Dodoma, picha inapigwa na mawimbi ya giza yanayopanda au kushuka. Shata ya sehemu 1 ya 50 au ya 100 huondoa shida hiyo, mpaka umeme ukatike na jenereta iwashwe, kwa sababu jenereta ndogo haishiki hezi 50 kwa uthabiti na mawimbi hurudi hata kama umeweka kila kitu sawa. Kamera zenye uwezo wa kurekebisha shata kwa vipande vidogo sana, na zile zinazosoma sensa haraka, hupata nafuu kubwa hapo. Ni sifa ambayo sijaiona ikionyeshwa katika video ya mfano ya kiwanda chochote, ingawa kwa mtu anayepiga kongamano au harusi ni muhimu kuliko 8K.

Kuhusu kasi ya kusoma sensa sitakaa sana, kwa kuwa ni jambo linaloonekana upesi: kamera ikipigwa kutoka dirishani mwa daladala, nguzo za umeme zikilala upande, sensa ni ya polepole. Kinachohitaji tahadhari ni kwamba video nyingi za mfano hupigwa juu ya gimbali (kishikio kinachotuliza kamera) au droni, kwa mwendo wa taratibu na mara nyingi wa kurefushwa, na mwendo huo huficha ulemavu huo kabisa.

Joto ni suala jingine, na hapa kuna takwimu ya wazi. Canon ilipotoa EOS R5 mwezi Julai 2020, ilieleza yenyewe kwamba kamera ingerekodi 8K kwa takriban dakika 20 kabla ya kujizima kwa sababu ya joto, tena kipimo hicho kilichukuliwa katika hewa ya nyuzi 23. Mwezi uliofuata ilitoa sasisho lililopunguza tatizo. Video za mfano zilizotangulia zilikuwa za kupendeza sana, na hakuna hata moja iliyoweza kudokeza jambo hili, maana video ya dakika tatu imeshonwa kwa vipande vya sekunde tano tano vilivyopigwa kwa siku nzima. Dar es Salaam mwezi Februari alasiri hupita nyuzi 30 kivulini. Mtu anayerekodi hotuba, mahojiano marefu ya filamu ya hali halisi au ngoma inayokwenda saa nzima anahitaji kujua dakika ngapi kamera itadumu katika hewa hiyo, na njia ya kulijua ni faili moja refu lisilokatwa, lililoandikiwa saa, mahali na nyuzi joto. Ni video isiyovutia kuitazama na yenye thamani kubwa kwa mnunuzi.

Yapo maoni, na wanaoyatoa ni watu ninaowaheshimu, kwamba uchunguzi wote huu ni kupoteza muda kwa sababu kamera si kitu, mpigapicha ndiye kila kitu. Hutaja jaribio la kampuni ya Zacuto la mwaka 2012, ambapo kamera tisa, kuanzia zile za sinema za Arri Alexa na Sony F65 hadi simu ya iPhone 4S, zilionyeshwa bila majina mbele ya wataalamu, na Panasonic GH2, kamera ndogo ya bei ya chini, ikapendwa na wengi, mwongozaji Francis Ford Coppola akiwa miongoni mwao. Jambo hilo lilitokea kweli, ila huelezwa nusu. Jaribio lilikuwa na sehemu mbili. Katika ile iliyozua mjadala, kila mpigapicha aliruhusiwa kubadilisha taa za seti ili ziifae kamera yake na kisha kupaka rangi apendavyo. Mpigapicha wa GH2 aliijua vizuri mahali inapokatika, akarekebisha taa mpaka tukio zima likaingia ndani ya uwezo wake. Mimi hulisoma jaribio hilo kama hoja yenye nguvu kabisa ya kuchunguza udhaifu wa kamera: yule aliyeufahamu udhaifu huo aliweza kuuzunguka, na kilichomwezesha ni taa, muda na seti anayoimiliki. Anayepiga filamu ya hali halisi sokoni Kigoma hana kimojawapo kati ya hivyo vitatu.

Vivyo hivyo kwa Sony FX3, ambayo sifa yake ilipanda sana baada ya filamu kubwa ya bunilizi ya kisayansi ya Hollywood iliyotoka Septemba 2023 kupigwa kwa kamera hiyo. Watu wengi walihitimisha kwamba picha zile ziko ndani ya boksi. Kamera ile ilitoa ishara ghafi kwenda kwenye kinasa cha nje, mbele yake kulikuwa na lenzi za anamofiki (zinazobana picha pana ya sinema iingie kwenye sensa), na nyuma yake bajeti iliyotajwa kuwa dola milioni 80 pamoja na kampuni ya athari za picha yenye uzoefu wa miongo. FX3 ni kamera nzuri, na wepesi wake katika giza ndio uliowafanya waichague. Lakini filamu ile, kama video ya mfano, inapima mnyororo mzima, na kamera ni pete moja tu katika mnyororo huo.

Ninachopendekeza ni kwamba tuanze kutengeneza video zetu wenyewe za mfano na kuzihifadhi mahali pamoja. Taasisi ya sanaa kama TaSUBa ya Bagamoyo ina wanafunzi, ina ufukwe, ina kumbi na ina ngoma. Tamasha kama ZIFF hukusanya kila mwaka watengenezaji filamu waliokuja na kamera za kila aina mabegani. Kila kamera inayopita ipige mambo yaleyale: nyuso tatu za weusi wa viwango tofauti zikiwa kivulini kisha juani, kanzu na buibui katika fremu moja, kofia ya vito ikigeuka, kanga nyekundu chini ya LED, taa za ukumbi zikiwa za TANESCO halafu za jenereta, na rekodi moja ndefu ya alasiri ya Februari. Hakuna muziki, hakuna upakaji rangi. Pembeni pawe na maandishi ya ISO, shata, lenzi, mizani ya weupe na toleo la programu ya kamera, kwa sababu tumeshaona kwa 5D Mark II na R5 kwamba kamera ya Januari huweza kuwa si ile ya Desemba.

Kikwazo kitakachotajwa ni ukubwa wa mafaili. Sekunde 30 za video ya megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 375, na kwa megabiti 400 ni gigabaiti moja na nusu. Kupakua kwa bando la simu ni mzigo, lakini mafaili yote mafupi ya kamera moja yanaingia kwenye flashi ya gigabaiti 16 bila shida, na flashi hupelekwa kwa basi kutoka Bagamoyo hadi Mwanza ndani ya siku moja au mbili. Ile rekodi ndefu ndiyo isiyobebeka kirahisi, kwa kuwa saa moja ya megabiti 400 ni gigabaiti 180. Hiyo inaweza kubaki kwenye diski kuu ya taasisi, na anayetaka kuichunguza akatumiwa dakika ya kwanza, dakika ya mwisho, na muda ambao kamera ilijizima.